Fuata Waya

Pikapu ya Abdiaziz iliingia uwanjani Jumanne asubuhi ikivutwa kwa kamba, na kabla haijasimama mafundi walikuwa wameshaamua ni nani aliyeichoma. Harufu ya plastiki iliyoungua iliitangulia. Wanaume waliweka spana chini, wakaizunguka, wakachungulia chini ya usukani ambako dashibodi ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeusi, kisha wote kwa pamoja wakageuza shingo kuelekea kibanda cha mwisho, kile cha mabati ya kijani.

Kibandani humo alikuwa ameketi Nduta wa Mugo, fundi wa waya, akinywa uji. Aliwaona wakimtazama. Akamaliza uji wake kwanza, akasuuza kikombe, akakitundika kwenye msumari wake.

"Nduta," aliita Mwai, fundi wa breki, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema hata siku moja. "Kuja uone kazi yako."

"Naskia harufu kutoka hapa," Nduta akajibu. "Kazi yangu hainukangi hivyo."

Uwanja wenyewe uko Nanyuki, nyuma ya soko la mifugo, na una mafundi ishirini na wanne. Ishirini na watatu ni wanaume, na hao ishirini na watatu, Mungu awasamehe, walikuwa wamengoja miaka tisa siku ambayo gari lililopita mikononi mwa Nduta lingerudi likifuka moshi. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Walimwazima vyombo, walimgawia chapati, na mama yake alipolazwa hospitali walichanga bila kuambiwa mara mbili. Ila jambo la mwanamke kulala chali chini ya dashibodi, na wenye magari kuja kumwulizia kwa jina wakiwapita wao, lilikuwa limewakaa kooni na halikuteremka.

Pale langoni pana bati lililoandikwa sheria mbili kwa rangi nyekundu. Mwandiko ni wa mzee Kingori, mwenyekiti wao, fundi wa miaka thelathini na zaidi. Sheria ya kwanza inasema: KAZI YA FUNDI IFUNGULIWE NA FUNDI MWENYEWE. Aliiandika baada ya watu wawili kupigana kwa sababu ya giaboksi, huyu akidai mwenzake aliifungua kisiri na kuharibu alichokuwa ametengeneza. Ya pili ni fupi zaidi: ANAYECHOMA GARI YA MTU ATOKE. Hiyo ilitumika mara moja tu, kwa fundi aliyeitwa Ngatia, ambaye alibeba sanduku lake la vyombo begani na siku hizi anauza viazi kando ya barabara ya Narumoru. Anayetoka pale hapati uwanja mwingine kuanzia Nyeri hadi Timau, maana habari za fundi huenda mbio kuliko magari anayoyatengeneza.

Kwa hiyo Nduta alijua vizuri ni nini kilichokuwa hatarini asubuhi ile. Kilikuwa kibanda chake cha mabati ya kijani, na jina lake. Mali nyingine hakuwa nayo.

Abdiaziz alishuka kwenye lori lililomvuta. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, mswaki mdomoni saa zote. Alisimama mbele ya Nduta, akautoa mswaki ili aseme vizuri.

"Mimi nilikuamini," alisema. "Jana jioni natoka Isiolo, niko na mbuzi tisa nyuma, napanda Timau kwa ukungu. Naona moshi inatoka hapa kwa magoti. Nimechomoa betri na mkono, nimemwaga maji ya birika, ile maji yangu ya kutawadha. Mbuzi wako sawa. Lakini gari, wallahi, imebaki kidogo tu iishe. Na watu wananiambia ni waya ya kamera."

"Nani anakuambia?"

"Wote."

Ni kweli kwamba kamera aliifunga Nduta. Wiki tano nyuma Abdiaziz alikuja na kijisanduku mkononi akieleza shida yake. Kila aliposimama Timau kunywa chai, mbuzi mmoja alipungua kwenye karia, kule nyuma ya pikapu. Mkewe, Rowda, alikuwa amechoka kusikia hadithi za mbuzi waliojifungua kamba wenyewe, akaagiza kamera ya macho mawili, moja la kutazama mbele na jingine la kutazama mbuzi. Mafundi wengine walimwambia aichomeke tu kwenye tundu la kuwashia sigara, kazi ya dakika moja. Nduta alimwambia ukweli: tundu lile hulala injini inapozimwa, na mwizi wa mbuzi hangoji injini iwake. Kamera hiyo ilitaka kufungwa kwenye stima ya gari lenyewe, ikeshe hata gari likilala.

Kazi hiyo ilimchukua nusu siku. Alipitisha waya mwembamba ndani ya kitambaa cha dari, akaushusha kwa ubavu wa kioo cha mbele, akaufikisha kwenye sanduku la fyuzi chini ya usukani. Akatafuta kwa mita fyuzi ambayo huwa na stima daima, na nyingine ambayo hupata stima ufunguo ukizungushwa, akatoa tawi kwenye kila moja, na kila tawi akalipa fyuzi yake ndogo. Waya wa kurudisha stima alikwangulia rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa, akaufunga kwa bolti. Akaseti kamera ijizime yenyewe betri ikianza kuchoka, kwa sababu asubuhi za Nanyuki zina baridi, na betri iliyokesha ikilinda mbuzi haiwezi kuwasha injini ya dizeli saa kumi na moja alfajiri. Viungo vyote alivilehemu kwa risasi, kisha akavifunga kwa uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta, fundo lake likirudishwa nyuma mara mbili.

Alipomaliza alimwonyesha Abdiaziz fyuzi mbili za akiba alizozibandika ndani ya kifuniko. "Hii ikikatika, ni gari inakuambia kitu," alimwambia. "Weka hii ingine. Ikikatika tena, usiweke kitu yoyote. Nipigie."

Fundo lile alifundishwa na baba yake. Mzee Mugo aliondoka kwao Nyeri akiwa kijana, akaajiriwa kwenye ranchi moja ya Laikipia kama mtu wa fensi. Kazi yake ilikuwa kutembea kila alfajiri kando ya fensi ya stima inayowazuia ndovu wasiingie mashambani, na kutengeneza palipokatwa. Ndovu si wajinga. Walikuwa wamegundua kwamba pembe haipigwi na stima, basi waliukata waya kwa pembe, wakapita, wakaacha kinyesi kama risiti. Nduta alianza kumfuata baba yake akiwa na miaka kumi, shule zikifungwa. Alibeba kopo la vihami, vile vishikio vya kuzuia stima isiingie kwenye nguzo, na kuuliza maswali.

Siku moja fensi ilikufa, na wafanyakazi wa ranchi walikuwa na maoni. Huyu alisema ni mtoni, yule alisema ni kule kwenye mti ulioanguka. Mzee Mugo aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akaanzia kwenye mashine na kutembea polepole kando ya waya, nguzo kwa nguzo, mpaka akapakuta, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyepataja. "Usiulize mtu," alimwambia bintiye wakirudi. "Mtu atakuambia vile anafikiria. Fuata waya."

Maneno hayo Nduta alikuja nayo uwanjani miaka kumi na moja iliyopita, baada ya kuchoka kukata maua kwenye nyumba za plastiki. Mzee Kingori ndiye aliyempokea, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu wengine walicheka. Alimpokea, akampa tochi. Kwa miaka miwili hakumpa kitu kingine. Kingori alijiingiza chini ya dashibodi, Nduta akachuchumaa mlangoni akimulika, na sauti ya mzee ikitoka gizani: "Juu kidogo. Usitikisike." Plaisi hakuishika. Waya hakuugusa. Bega lilimuuma mpaka usiku akashindwa kuinua sufuria. Lakini mshika tochi huona yote anayoyaona fundi, na Kingori, kwa kumnyima kazi, alimfundisha kazi yote bila kujua.

Kisha likaja lori la mchele kutoka Mwea, likazimika getini wakati mzee yuko kwenye harusi. Mafundi walilifanyia kazi siku mbili, wakabadilisha hiki na kile, dereva akakaribia kulia. Nduta aliweka tochi chini, akachukua taa ya kupimia, akafuata waya kutoka betri. Chini ya zulia la dereva alikuta umetafunwa na panya, maana palipo na mchele panya hawakosi. Aliuunga kabla uji wake haujapoa. Mwezi uliofuata dereva yule alirudi akauliza, "Yule mama wa waya yuko wapi?" Hapo ndipo alipopewa kibanda cha mwisho, na hapo ndipo lile jambo lilipoanza kuwakaa wenzake kooni.

Basi tuirudie Jumanne ile. Mzee Kingori alikuja kutoka ofisini kwake, mikono nyuma. Hakuitazama pikapu. Alimshika Nduta kiwiko, akamvuta kando nyuma ya rundo la matairi, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko alivyowahi kuisikia.

"Nduta, mami. Hii maneno tuimalize pole pole. Wewe sema kamera ni mbaya. Hizi vitu ndogo ndogo zinachomekanga, kila mtu anajua. Abdiaziz atanung'unika siku mbili, ataachana nayo. Mwai atatoa hiyo dash na waya zake, itupwe, tuwekee yeye ingine. Hakuna mtu atatoka hapa."

Nduta hakuwa malaika. Alishawishika. Angesema maneno matatu, kamera ilikuwa mbaya, na jioni angekuwa bado ana kibanda. Aliyafikiria kwa muda wa kutosha kuona aibu. Kisha akawafikiria watu wote ambao aliwafungia waya, kuanzia wauza nyanya wa Kagio hadi mwalimu mkuu wa Nyeri aliyemletea gari lake la pekee, na namna ambavyo kila mmoja wao angelala usiku akijiuliza kama na yeye amefungiwa moto chini ya usukani. Waya ule aliufunga kwa mkono wake na kwa fundo la baba yake. Kuusingizia ilikuwa kumsingizia mzee Mugo mwenyewe, na huyo yuko kaburini, hawezi kujitetea.

"Mzee," alisema, "mbona itupwe kabla haijafunguliwa?"

"Nakufichia aibu."

"Mimi sina aibu ya kufichwa. Wacha ifunguliwe."

"Wewe ni mkaidi sana."

"Ndiyo, mzee," alisema Nduta, akamwacha pale kwenye matairi.

Alitembea mpaka langoni, akasimama chini ya lile bati, akasoma sheria ya kwanza kwa sauti ya kufika soko la mifugo. Akasoma na ya pili, ili mtu asije kusema ameiruka. Halafu akawaambia hivi: "Mimi ndiyo nilifunga, mimi ndiyo nitafungua. Na nitafungua nyinyi wote mkiwa hapa. Nikipata ni waya yangu, sanduku yangu iko tayari, na hakuna haja ya kikao. Abdiaziz, lete kiti ukae karibu."

Abdiaziz aligeuza kreti la soda, akakaa. Mafundi wakajipanga kama watu wa mazishini, mikono kifuani. Mzee Kingori alisimama nyuma kabisa.

Nduta alianza na kamera, kwa sababu ndiyo iliyoshtakiwa. Aliitoa kiooni, akaichomoa kwenye waya wa gari, akaipeleka kwenye betri iliyokuwa kibandani kwake pamoja na kijisanduku chake cha kupunguza stima. Iliamka hapo hapo. Kioo chake kikawaka, na sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa lugha ya mbali, kwa furaha kubwa, kama mtu aliyelala vizuri. Wawili watatu wakacheka bila kutaka.

"Kamera ni mzima," alisema Nduta. "Mwenye alikuwa anataka kusema ni kamera, hiyo imeisha."

Aliporudi kwenye pikapu akazunguka mbele kuchukua spana, na hapo akasimama. Juu ya bampa palikuwa na taa mbili kubwa za ukungu, kila moja kubwa kama sahani ya pilau. Wiki tano nyuma hazikuwepo.

"Hizi taa ni za lini?"

"Si juzi," Abdiaziz alisema. "Ile wiki ulienda Nyeri kuzika shangazi yako. Mimi nateseka na ukungu. Niliacha gari hapa uwanjani na taa ndani ya boksi, nikaenda mnada Dol Dol. Jioni nikakuta zimewekwa. Zinawaka vizuri sana. Jana ndiyo nimeziwasha safari yote."

Nduta alitazama nyuso zilizomzunguka. Mwai alikuwa anachunguza viatu vyake kwa umakini ambao viatu hivyo havikuustahili. Hakuuliza mtu. Alilala chali, akaingiza kichwa chini ya usukani, akaanza kung'oa plastiki iliyoyeyuka kipande kwa kipande, na alichokitoa alikipanga kwenye gunia mbele ya Abdiaziz ili kila mmoja aone.

Kwanza kilitoka kifuniko cha fyuzi. Zile fyuzi mbili za akiba zilikuwa bado zimebandikwa ndani yake, hazijaguswa. Kisha akatoa fyuzi ndogo ya tawi lake la stima ya daima, na hiyo aliinyanyua juu kwa vidole viwili. Ilikuwa imekatika zamani. Miguu yake miwili ilikuwa imeunganishwa kwa nyuzi za shaba zilizosokotwa pamoja. Hakuna fundi asiyeijua dawa hiyo. Fyuzi inakukatikia, duka liko mbali, mteja amekusimamia, basi unaiziba kwa shaba na gari linaondoka. Nusu ya waliosimama pale walikuwa wamewahi kuifanya, na nusu nyingine walikuwa waongo.

"Fyuzi inakatika ndiyo gari isichomeke," Nduta alisema kutoka chini. "Mtu ameifunga mdomo."

Akaendelea kufuata. Kutoka kwenye fyuzi waya ulikuwa umeungua wote, mweusi, umevuliwa ngozi, umeshikana na nyaya za jirani. Aliufuata shubiri moja, shubiri mbili. Kisha vidole vyake vikagusa kiungo ambacho hakuwahi kukiweka. Hapo mtu alikuwa ameukwangua waya wake mwembamba wa kamera, akasokotea juu yake waya mnene unaokwenda kwenye zile taa za mbele. Na kutoka kwenye kiungo hicho kwenda juu, mpaka darini, mpaka kwenye kamera, waya wa Nduta ulikuwa mzima, mweupe, mafundo yake ya uzi wa viatu yamekaa vile vile alivyoyaacha.

Alikata sehemu ile yote na kuiweka juu ya gunia. Haikuhitaji maelezo, ila aliyatoa, kwa sababu alikuwa amengoja miaka tisa. "Waya ya kamera inabeba stima kidogo tu, hata haiwezi kukuchemshia chai. Hizi taa mbili zinataka waya mnene kutoka betri, na fyuzi yake, na rilei yake ya kubeba huo mzigo. Mtu ameona huku kuna stima tayari, akachukua njia ya mkato. Fyuzi ikakataa. Akainyamazisha. Abdiaziz akawasha taa Isiolo mpaka Timau. Hapa kwa fyuzi mpaka hapa kwa kiungo, imechomeka. Kutoka hapa kwenda kwa kamera, haijachomeka. Kila mtu aangalie na macho yake."

Waliangalia. Lakini hawakuwa wakiangalia waya. Walikuwa wakiangalia kilichofunga kile kiungo cha katikati, ambacho kilikuwa kimeungua nusu na nusu kikabaki: ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uliozungushwa kutoka kushoto kwenda kulia na kuchomekwa mwisho wake ndani.

Uwanja mzima, kutoka geti hadi choo, ni mtu mmoja tu anayefunga viungo kwa tyubu ya baiskeli. Tepu nyeusi haiamini, anasema huachia wakati wa joto. Rundo la tyubu kuukuu liko dirishani mwa ofisi yake.

Hakuna aliyelitaja jina. Abdiaziz alitafuna mswaki, akatazama nyuso, akaelewa. "Kamera iko na kadi," alisema polepole. "Siku hiyo ilikuwa inashika kila kitu, mpaka sauti. Kama mnataka tunaweza skiza."

"Hakuna haja," Nduta alisema akijipangusa mikono. "Waya imeshasema."

Mzee Kingori alisogea mbele mwenyewe. Ni haki kumpa hilo. Alivua kofia, akasimama karibu na gunia. "Nilidhani ni waya ya redio ya zamani," alisema. "Macho... Hii macho yangu, mwaka wa pili sasa, vitu nyembamba sivioni. Fyuzi ilikuwa inakatika kila nikijaribu, na gari ilikuwa inangojewa. Nikaiziba. Niliposkia harufu leo nikajua."

Mwai, kama kawaida, akapata la kusema. "Sasa, watu wangu, mzee ni mzee. Kila mtu hukosea. Hii ni bahati mbaya tu, hakuna haja ya kuandikiana sheria hapa." Na wenzake wakaanza kutikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, bahati mbaya, watu wale wale ambao saa moja iliyopita walikuwa wamemfungia Nduta sanduku lake mioyoni mwao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hasira ilimpanda Nduta, na hakuizuia.

"Asubuhi ilikuwa sheria," alisema. "Saa hii imekuwa bahati mbaya? Mwai, ulikuwa unaniita nikuje kuona kazi yangu. Kuja uone. Kuja karibu, uishike." Mwai hakusogea. Nduta akamgeukia mzee. "Na wewe, mzee. Macho kukosa kuona, hiyo si makosa. Ungeniita. Kibanda yangu iko hatua thelathini. Lakini ulijua asubuhi hii yote. Ulinishika mkono ukaniambia niseme uongo, na kama ningekataa, na gari isifunguliwe, ungeniangalia nikibeba sanduku kama Ngatia. Ungeniangalia tu."

"Ningekuangalia," alisema mzee Kingori.

Abdiaziz aliinuka kwenye kreti. "Mimi nataka gari," alisema. "Mtu wa kutoka, mtu wa kubaki, hiyo ni yenu. Nani ananitengenezea gari?"

"Mimi," alisema Nduta. "Kamera na taa. Leo."

Alikwenda kibandani kwake. Wote walidhani anakwenda kuleta rangi afute bati, au kuleta wenzake wa kumwunga mkono, ambao hakuwa nao. Alirudi na mita, waya mnene uliozungushwa, rilei mpya ndani ya karatasi yake, uzi wa viatu, na tochi. Aliweka vyote chini isipokuwa tochi. Hiyo aliinyoosha kwa mzee Kingori.

"Bati inasema anayechoma atoke," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mimi sijaandika bati. Mwenye aliandika yuko hapa, atajiamulia jioni. Lakini saa hii kuna kazi, na ndani kuna giza. Shika tochi, mzee."

Mwai alifungua mdomo. Mzee Kingori alimwinulia mkono, Mwai akaufunga. Akavaa kofia yake, akaitwaa tochi, akachuchumaa mlangoni mwa pikapu kwa shida, goti moja kwanza, kisha la pili. Nduta alilala chali, akajivuta chini ya usukani mpaka mabega yakaingia. Mwanga ulikuja, ukayumba, ukaangukia mahali pasipo na kazi.

"Juu kidogo," alisema Nduta. "Usitikisike."

Mwanga ukapanda, ukatulia. Wale wengine walibaki wamesimama pale pale, hakuna aliyerudi kwenye spana yake, mpaka Nduta alipofunga fundo la mwisho na kulirudisha nyuma mara mbili.